Mteja Yuko Karibu na Saboti

Agneta hakusalimia mtu. Aliingia dukani, akawapita watu waliokuwa wakinunua kadi, akaibwaga simu juu ya kaunta ya kioo hata kifuniko kikafyatuka na betri ikateleza mpaka kwenye mkono wa mwenye duka.

"Chukua kitu yako, Mama Thuo," alisema. "Imenitoa kwa boma yangu."

Mama Thuo, yaani Nyaguthii, alikuwa ajenti wa kampuni ya simu ya Wima mjini Kitale. Duka lake lilipakwa rangi ya njano juu mpaka chini, na juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa "Simama Wima". Mwaka huo wa 2005 watu wengi wa Trans-Nzoia walikuwa wakishika simu ya mkono kwa mara ya kwanza, na wengi waliipata kwake, kwa sababu simu ya Wima ilikuwa rahisi kuliko zote na ilikuja na laini ndani. Agneta alikuwa mmoja wao. Alikuwa mke wa mtu huko Myanga, upande wa Bungoma, na kazi yake ilikuwa kununua vitunguu Saboti na kuviuza kwao. Kila akipita Kitale alikuwa akiketi nyuma ya kaunta hiyo na kupiga gumzo na Nyaguthii mpaka gari lake lijae. Hawakuwa wamewahi kukosana.

"Umetolewa na nani?" Nyaguthii aliuliza, akiwa bado ameshika betri.

"Nani mwingine ananitoa kwa boma? Si Baba Ian."

"Ingia ndani tuongee, Mama Ian. Watu wanaangalia."

"Siingii. Nitasemea hapa hapa. Na hawa pia wasikie ile kitu wananunua."

Akasema yote, wateja wakimsikiliza na noti zao mkononi.

Siku ya soko alikuwa Saboti akipimiwa vitunguu wakati simu ilipolia. Aliyepiga ni jirani wa Phelista, mdogo wake aliyeolewa Bokoli. Phelista alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Kabla jirani hajamaliza, simu ikazima. Betri za Wima zilikuwa hivyo. Unaichaji usiku kucha, na kabla ya jua kupanda imekwisha. Agneta aliviacha vitunguu kwa mwenye shamba, akatafuta gari, akaenda Bokoli moja kwa moja. Alimkuta mkunga ameshakata tamaa na wanawake wanalia. Kufikia jioni mtoto alikuwa ametoka, mvulana, mzima, lakini Phelista alikuwa amelegea kiasi kwamba hakuweza hata kumshika. Agneta alilala hapo akiwa amempakata mtoto. Nyumba hiyo haikuwa na umeme wala simu.

Kule Myanga, mumewe Wekoye, karani katika ofisi ya kilimo, alimpigia mara nyingi. Kila mara sauti ya kike ilimjibu kwamba mteja wa nambari hiyo hapatikani kwa sasa. Ndipo akakumbuka tangazo la redioni. Wima walikuwa wameleta huduma mpya iliyoitwa Uko Wapi. Unatuma nambari ya mtu, kampuni inakwambia alipo. Wekoye akatuma nambari ya mke wake. Jibu likaja: "Mteja yuko karibu na Saboti." Asubuhi alipoamka akatuma tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Soko la Saboti hufungwa mchana. Wekoye alijiuliza mke wa mtu analala Saboti kwa nani, na jibu alilojipa halikuwa zuri.

Agneta alipofika nyumbani, akiwa na habari njema za mpwa wake, alikuta nguo zake zimetiwa kwenye magunia na kuwekwa kando ya ua. Mama mkwe wake, Wilkista, alikuwa amekalia gunia moja na kukunja mikono.

"Siondoki hapa," mama huyo alikuwa akimwambia mwanawe, "mpaka uniambie umekunywa nini."

Wekoye hakuwa amekunywa kitu. Alimwonyesha Agneta meseji. Agneta akamwambia aende Bokoli akamwone Phelista na mtoto kwa macho yake.

"Dada yako atasema kile umemwambia aseme," Wekoye alijibu. "Mashine haina dada. Mashine itanidanganya ya nini?"

Tangu siku hiyo Agneta alikuwa akikaa kwa Phelista, huko Bokoli. Dukani hakuna aliyetikisika.

Nyaguthii alikuwa mtu wa huruma, lakini kwa miaka yote ya duka lake alikuwa amejizoeza kuitetea kampuni kabla ya kufikiri, kama mtu anayeinua mkono kuzuia ngumi. Akasema, "Lakini Mama Ian, hiyo huduma haiwezi kukutafuta bila ruhusa yako. Lazima kwanza kampuni ikuulize, na wewe ujibu NDIYO."

"Hakuna mtu aliniuliza kitu. Sijajibu."

"Labda ulibonyeza bila kujua."

"Hata wewe," Agneta alisema. Akageuka, akatoka, akaiacha simu pale kwenye kioo.

Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya foleni aliisukuma kadi yake nyuma. "Nirudishie pesa, mama. Sitaki." Kijana aliyekuwa nyuma yake akacheka kwa woga, akimfikiria mama yake. "Manze, mathee akijua hii kitu, mimi nimeisha." Naye akaondoka.

Jioni hiyo Nyaguthii alimpigia Kimotho, meneja wa Wima wa eneo lote la magharibi. Kimotho alikuwa kijana mpole aliyevaa tai hata siku ya jua kali, na kila mara alimwita "mama yetu wa Kitale". Nyaguthii alimweleza mambo yalivyotokea.

"Hapo huduma ilifanya kazi sawasawa, mama," Kimotho alisema. "Simu ikizima, sisi tunatoa pahali ilionekana mara ya mwisho. Ilionekana Saboti."

"Lakini meseji haisemi mara ya mwisho. Inasema 'yuko'."

"Meseji ina nafasi kidogo, mama. Hatuwezi kueleza kila kitu."

"Na ile ruhusa? Huyu mama anasema hakuulizwa."

"Ile tuliiondoa mwezi uliopita. Watu walikuwa wanaulizwa halafu hawajibu, na mwenye kutafuta anakasirika. Matumizi yalikuwa chini sana. Tangu tuiondoe yamepanda mara tatu." Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

"Mbona hamkuniambia? Mimi nimesimama hapa nikiwaapia watu."

"Waraka utakuja, mama. Unajua Nairobi." Kisha akaongeza, "Huyo customer mwambie tu awe anachaji simu."

Nyaguthii alikata simu, akabaki ameitazama. Alikuwa amemwambia rafiki yake uongo mbele ya watu bila kujua kwamba ni uongo, na hilo lilimwuma zaidi kuliko kama angelidanganya kwa kupenda.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini huo ulikuwa mwaka wa kura ya maoni juu ya katiba. Waliotaka katiba mpya walikuwa na alama ya Ndizi, waliokataa walikuwa na Chungwa, na kila mtu Kitale alikuwa na upande. Wiki ile ile watu wa Ndizi walifanya mkutano uwanjani, na mwenyekiti wa Wima, tajiri kutoka Nairobi ambaye watu walikuwa wamemwona magazetini tu, akapanda jukwaani na kofia ya njano.

"Sisi wa Wima tunajua kila mteja wetu yuko wapi," alisema akitabasamu. "Na siku ya kura, tutajua amesimama wapi!"

Jukwaani walicheka. Huko chini watu waliangaliana.

Siku iliyofuata meseji zikaanza kuingia. Hazikuwa kama matangazo ya kawaida. Zilimwita kila mtu kwa majina yake kamili, hata lile la babu ambalo mtu huliandika kwa serikali tu, kisha zikamwambia asimame wima na apige Ndizi. Watu wa Chungwa walikuja dukani wakazitupa laini zao mlangoni. Mtu mmoja alimwaga maganda ya machungwa kwenye ngazi, na kesho yake akaja tena na mengine. Wengine walikuwa wakipita wakisema kwa sauti, "Hapa ndipo wanauza watu."

Lakini maneno yaliyomchoma Nyaguthii yalitoka nyumbani kwake. Mumewe, Wachira, alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa Ndizi tangu siku ya kwanza. Alikuja jikoni na simu mkononi.

"Mimi nitapiga Ndizi, hawahitaji kuniambia," alisema. "Nauliza kitu kimoja tu. Hili jina la Wachira wa Kimani wa Ndegwa nililiandika mara moja, dukani kwako, siku uliyoniuzia hii simu. Ulisema ni la garanti, simu ikiharibika. Hawa watu wa siasa wamelitoa wapi?"

Usiku kucha Nyaguthii aligeukageuka kitandani, na kulipokucha akamwambia Wachira kwamba Jumamosi angefunga duka aende Myanga.

"Kwenda kufanya nini?"

"Kuna nyumba nimesaidia kuvunja."

Jumamosi asubuhi alipokuwa stendi ya Kitale aliizima simu yake, akaitia kwenye mkoba, akapanda gari la Bungoma. Alipitia Bokoli kumchukua Agneta. Agneta hakutaka kwenda. Phelista, akiwa amelala na mtoto ubavuni, ndiye aliyemwambia, "Nenda, dada. Wewe si mwizi. Usiishi kama umekimbia."

Walimkuta Wekoye nje ya nyumba na mjomba wake Wabwile, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa Myanga nzima, aliyekuwa ameitwa kujaribu kusuluhisha. Wilkista, ambaye bomani wote walimwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa akichambua maharagwe. Alipomwona Agneta aliinuka, akamkumbatia, akarudi kukaa.

"Huyu ni nani umetuletea?" Wekoye alimwuliza mkewe.

"Ni mimi niliyemuuzia simu," Nyaguthii alijibu. "Naitwa Mama Thuo. Nina duka la Wima Kitale."

"Mimi sina maneno na wewe, mama."

"Wala sikuja kwa maneno. Nimekuja uniulize niko wapi."

Wekoye alimtazama kama anayemwona amechanganyikiwa. "Si uko hapa? Si nakuona?"

"Usiniulize mimi. Iulize kampuni. Nambari yangu ndiyo hii."

Alimtajia. Wekoye alisita, akamtazama mjomba wake, mjomba akaitikia kwa kichwa. Akaandika, akatuma. Walingoja, kuku wakipita miguuni mwao. Simu ikatetemeka. Wekoye akasoma kimya, na uso wake ukabadilika.

"Soma tusikie," mama yake akasema. "Wengine sisi hatuna miwani."

"'Mteja yuko karibu na Kitale Mjini,'" Wekoye akasoma polepole.

Kukhu Wilkista aliweka ungo chini. Alimwendea Nyaguthii, akamfinya mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, mpaka Nyaguthii akaguta.

"Sasa huyu hapa ni nani?" mama mzee akauliza. "Ni pepo? Hebu niambie, Wekoye. Wewe umesoma."

Nyaguthii akaitoa simu yake mkobani, ikiwa imezimwa, akampa Wekoye aishike. Akamweleza kwamba aliizima Kitale, na kampuni haijui lolote juu yake tangu hapo. Inajua tu mahali simu ilipokufa. Simu ya Agneta ilikufa Saboti, mchana, akiwa amezungukwa na vitunguu na watu wa soko. Alikokwenda baada ya hapo kampuni haikujua, ila badala ya kusema haijui, ikajibu kama ina hakika.

Wekoye aliigeuza simu ile mkononi. Aliyesema kwanza ni mzee Wabwile.

"Mama, nakushukuru kwa hilo. Lakini nikuulize. Hii laini yenu, si ndiyo ya yule mwenyekiti wa Ndizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni wa Chungwa. Sijaficha. Kama mnaweza kumtafuta bibi ya huyu kijana bila kumwambia, na mimi je? Kuna mtu amekaa Nairobi anauliza Wabwile analala wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui na umevaa fulana yao?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameivaa fulana ya njano ya maajenti chini ya sweta kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi asubuhi hiyo. Alivuta sweta akafunga vifungo. "Sijui, mzee," alisema tena. "Ningekuambia kama ningejua."

Wekoye alikuwa amemgeukia mkewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha. "Sasa mimi ningejuaje, Mama Ian? Imeandikwa Saboti. Asubuhi tena Saboti. Mtu yeyote angefikiria."

"Bokoli ni mbali?" Agneta aliuliza. "Una baiskeli. Ungekuja hata usimame kwa barabara uulize mtoto ni wa nani analia. Mimi nilifika hapa nikiwa na damu ya dada yangu kwa nguo, na hukuniuliza hiyo ni nini. Ulikuwa umeshauliza busta, ule mnara wao."

"Nimekosa. Ingia nyumbani."

"Leo siingii."

"Agneta..."

"Wacha aende," Kukhu Wilkista alisema, akirudia maharagwe yake. "Nenda, mayi, mama yangu. Huyu atakufuata na miguu yake mwenyewe, na atajua njia."

Agneta na Nyaguthii walitembea hadi barabarani. Gari lilipokuwa linakaribia Agneta alisema, "Usifikirie imeisha. Siku ile dukani ulisema nimebonyeza."

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi hata kuniombea msamaha kwa njia ya Myanga, pahali hakuna mtu anasikia, haitoshi."

Nyaguthii aliyabeba maneno hayo mpaka Kitale.

Siku chache baadaye waraka ukaja, lakini haukuwa ule wa ruhusa. Wima walikuwa wanaandaa Siku ya Maoni ya Wateja katika ukumbi mmoja Bungoma, na maajenti wote waliagizwa kufika wakiwa na fulana. Kampuni ilikuwa imesikia kelele na ilitaka kuzituliza. Kulikuwa na soda, kulikuwa na kofia za bure, na kulikuwa na muziki mkubwa. Ukumbi ulijaa. Kimotho alisimama mbele na kipaza sauti, akawaambia watu wajisikie huru kama wako nyumbani.

Wakajisikia huru. Mkulima kutoka Saboti alifungua karatasi ya nailoni akatoa simu iliyovimba kama mandazi. "Mke wangu amekataa iingie nyumbani," alisema. "Anasema italipukia watoto. Mimi nailaza kwa stoo ya mahindi, sasa naogopea mahindi."

"Asante kwa maoni," Kimotho alisema.

Muuguzi mmoja alisema mkubwa wake wa kazi humtafuta kwa Uko Wapi hata siku ya mapumziko, na akimkuta nje ya mji humwita arudi. "Mimi si mbuzi nifungwe kamba," alisema, na ukumbi ukapiga makofi.

"Asante kwa maoni."

Jamaa mmoja aliyevaa kofia ya Chungwa alisema ameitwa kwa jina la babu yake na mtu ambaye hawajawahi kukutana, na kwamba kwao jina la babu haliitwi ovyo. Akauliza, kama kampuni ina upande, kwa nini ilichukua pesa za pande zote mbili? Makofi yalikuwa makubwa zaidi, na wengine wakapiga miguu sakafuni.

"Asante kwa maoni. Sasa tumsikie mmoja wa maajenti wetu," Kimotho alisema akipangusa uso, na macho yake yakatua kwa Nyaguthii kama mtu wa juani aliyeona kivuli. "Mama yetu wa Kitale. Amekuwa na sisi tangu mwanzo. Mama, waambie."

Nyaguthii alichukua kipaza sauti. Agneta alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Alikuwa ameletwa Bungoma na biashara yake, akaingia kuangalia.

"Majina yenu mimi niliyaandika," Nyaguthii alisema. "Wale wa Kitale mnanijua. Niliwaambia ni ya garanti, na mimi pia niliambiwa hivyo. Yametumika kwa siasa. Kimotho, nakuuliza mbele ya wenye majina, nani aliwaruhusu?"

"Mama, hayo ni mambo ya ndani. Tutaongea ofisini."

"Ndani ya nani? Jina ni la huyu baba wa kofia. Na kitu ya pili. Kulikuwa na ruhusa kwa hii huduma ya kutafuta watu. Mliiondoa kimyakimya, kwa sababu watu wakiulizwa walikuwa hawajibu. Rafiki yangu alifukuzwa kwake kwa sababu ya hiyo, na mimi nikamwambia mbele ya wateja kwamba ni yeye amekosea. Hakukosea. Nilisema uongo wenu. Mama Ian, nisamehe."

Hapo kipaza sauti kilikatwa. Mtu wa muziki akaongeza sauti. Nyaguthii aliendelea kusema na hakuna aliyemsikia isipokuwa waliokaa mbele, kisha akanyamaza, akavua fulana aliyokuwa ameivaa juu ya gauni, akaiweka juu ya meza mbele ya Kimotho, akashuka. Watu wengine walimfuata nje wakipiga kelele. Wengine walibaki, kwa sababu soda zilikuwa bado hazijaisha.

Agneta hakumkimbilia. Walipokutana mlangoni alimshika mkono, akasema, "Nimesikia," akaenda zake.

Wima hawakuchelewa. Pikapu ilikuja Kitale, ikabeba ubao, simu zote zilizokuwa hazijauzwa, na hata kioo cha kaunta ambacho kilikuwa cha kampuni. Kimotho alisimamia kazi hiyo mwenyewe, bila kumtazama. "Ungeniambia pembeni, mama," alisema mwishoni. "Nilikuambia pembeni," Nyaguthii akajibu. "Ukasema waraka utakuja."

Mwezi wa Novemba Chungwa ilishinda. Mwenyekiti alionekana kwenye televisheni akisema kampuni yake haijawahi kuwa na siasa. Mwaka uliofuata tangazo dogo lilitokea gazetini kwamba huduma ya Uko Wapi imesitishwa kwa ajili ya maboresho. Haikurudi. Hakuna aliyeombwa radhi.

Wekoye ndiye aliyekwenda Bokoli. Alikwenda kwa baiskeli, mara ya kwanza peke yake, akarudishwa na Phelista mlangoni. Mara ya pili alikwenda na mama yake na mzee Wabwile, akasimama mbele ya watu wa boma lile akasema alimkosea mkewe na kwamba aliyemkosea si mashine. Agneta alimwacha asimame muda mrefu. Alirudi Myanga baada ya Krismasi, mwanawe Ian, aliyesoma shule ya bweni, alipokuwa bado likizoni, akiwa na laini ya kampuni nyingine. Nambari alimpa mama mkwe. Kwa miezi kadhaa Wekoye akitaka kuongea na mke wake ilimbidi amwombe mama yake simu, na mama huyo alikuwa na maswali.

Duka la Kitale Nyaguthii aliligeuza likawa la mbegu na mbolea. Haikuwa rahisi. Wapo walioacha kununua kwake kabisa, na wapo waliokuja na simu zao zilizokufa kumtukana, kwa sababu Nairobi ni mbali na yeye yuko hapo. Aliwasikiliza. Agneta aliendelea kupita siku za soko. Mwanzoni alikuwa akisimama nje, wakisalimiana tu. Baadaye akawa anaingia mvua ikinyesha, na baadaye zaidi hata jua likiwaka, ingawa kuna maneno ambayo kati yao hayakurudi tena kuwa mepesi.

Miaka ilipita, na siku moja ya msimu wa kupanda Kimotho akaingia dukani. Alikuwa amenenepa. Alisema aliachana na Wima zamani, sasa yuko na kampuni nyingine, mambo ya intaneti, na wanatafuta watu wanaoaminika mashinani. Akaweka juu ya kaunta karatasi inayong'aa yenye picha ya familia inayocheka.

"Watu watajiandikisha na nini?" Nyaguthii aliuliza.

"Jina, kitambulisho, nambari. Vitu vya kawaida."

"Na hayo majina mtayapeleka wapi?"

Kimotho alicheka. "Mama, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi watu hawajali."

Nyaguthii alimrudishia karatasi yake. Nyuma ya Kimotho kulikuwa na mama mmoja kutoka Saboti, gunia tupu begani, aliyekuwa akingoja mbolea na mvua ilikuwa karibu.

"Songa kidogo," alimwambia Kimotho. "Unamzibia huyu mama."